Chachu ya Rubani

Harufu yake ndiyo iliyomwamsha Tusekile kila alfajiri, kabla hata ya jogoo wa mama mkwe wake. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochachia kwenye kibuyu kichafu, imechanganyika na ile ya damu inayotoka puani. Alikifunga kile kikopo cha chachu kwa mifuko juu ya mifuko, akakificha nyuma kabisa ya friji ndogo ya chumbani, lakini wapi! Mlango wa friji ukifunguka tu, chumba kizima kilinuka.

Aliketi kitandani, akafumba macho, akachota kijiko kimoja, akakiweka chini ya ulimi. Sharti la kwanza ni kutomeza. Ukimeza, umepoteza. Chachu lazima ikae pale pale mpaka ianze kutambaa yenyewe. Ndiyo, kutambaa, umesikia sawasawa. Ule ute ulikuwa vuguvugu hata ukitoka kwenye baridi, na baada ya muda ulijikusanya, ukapapasa huku na huku, ukaupata mshipa na kuanza kujipenyeza kama mnyoo kwenye tope. Tusekile akashika ukingo wa kitanda. Machozi yakamtoka. Tumbo likapanda mpaka kooni, akalirudisha chini kwa nguvu, maana sharti la pili ni kutotapika.

"Imeshaingia?" akauliza Lusajo, mume wake. Alikuwa amelala kageukia ukutani. Hakuwahi hata siku moja kutazama.

Tusekile alipiga godoro ngumi. Bado.

"Vumilia, mke wangu. Wanaoanza mapema ndio wanaopita."

Jiandae mapema! Maneno hayo yalikuwa yamezagaa Mbeya nzima, kwenye kuta za Mwanjelwa, kwenye vioo vya zahanati, hata migongoni mwa fulana za bure. Zamani mtu aliyetaka kazi ya urubani alisoma vitabu vyake, akapiga pasi shati, akaenda kujibu maswali ya wakubwa. Siku hizo zimekwisha. Shirika la ndege la Kipanga halikumuuliza mtu hata jina la baba yake. Lilimkalisha kwenye kiti ndani ya chumba cha kuigizia, likamzimia injini katikati ya giza na mvua ya uongo, kisha likatazama mikono tu. Mikono iliyotenda kabla ya akili kuwaza ilipewa kazi. Mikono iliyosita ilirudishwa kwao.

Na mikono ya namna hiyo mtu huipata baada ya kuruka maisha yake yote. Nani ana muda huo? Ndipo wale wa Nyumba ya Chachu walipokuja na uvumbuzi wao. Walisema mazoea ya mkono yanakaa nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, na kwamba yanaweza kumegwa, yakakuzwa kwenye ute wa sukari, yakapandwa kwa mtu mwingine kupitia mishipa ya ulimi. Yule aliyemegwa walimwita shina. Mashina yote ni marubani marehemu, walisema, waliotoa idhini wakiwa hai na kuhifadhiwa kwenye barafu. Chachu haizaliani. Nakala yake inasahau. Kila kijiko lazima kitoke kwenye shina lenyewe, na shina moja humtosha mtu mmoja tu, kwa miezi mingi, kidogo kidogo. Ndiyo maana ya kuanza mapema.

Tusekile alikuwa rubani tayari, tusije tukamdharau. Aliendesha ndege ya kunyunyizia dawa juu ya mashamba ya chai ya Rungwe, akipita chini ya ukungu karibu na miti kiasi kwamba wachuma chai walimjua kwa sura. Lakini Kipanga walikuwa hawachukui mtu aliyevuka umri fulani, na mwaka ule ndio ulikuwa wake wa mwisho. Ama apite usaili huu, ama azeeke akimwagia majani sumu.

Ute ukamalizika kuingia. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akatema, akasukutua tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumwambia Lusajo. Akalamba kijiko.

Miezi ya mwanzo alikitupa kijiko mbali kama kimeshika kinyesi. Sasa alikuwa anakilamba. Akajitazama kwenye kioo na ile ladha mdomoni, akajiona mchafu.

Akatoka nje kuchota maji. Alipofika kwenye migomba alisimama kidogo kusikiliza, kama kawaida, ili asikutane na baba mkwe. Kwa watu wa huko, mke wa mtoto na baba wa mume hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawachangii kikombe, mke hakalii kiti alichokalia mkwe wala halitaji jina lake, na hata mimi hapa sitalitaja. Vijana wengi wameshaiacha mila hiyo. Nyumba hii haikuiacha, kwa sababu mama mkwe alikuwa mkali. Mzee naye alikuwa mwungwana: kila alipotoka nje alikohoa kikohozi kikubwa cha makusudi, na Tusekile akikisikia alijifunika kanga, akachutama nyuma ya migomba, mpaka mzee apite. Miaka yote ya ndoa yake alimjua mkwe wake kwa kikohozi na mgongo wa koti lake la rubani.

Lakini siku hizi kikohozi kilikuwa hakisikiki. Mara mbili tatu walikuwa karibu kugongana, Tusekile akakimbia.

"Mama, baba anaumwa?" alimuuliza mama mkwe asubuhi ile.

"Uzee huo, mkwe wangu. Kila wiki wanakuja wauguzi kumdunga dawa ya kutetemeka. Lusajo ndiye aliyewatafuta. Mwanangu ana moyo, jamani!"

*

Kiti cha mazoezi pale Nyumba ya Chachu kilikuwa kimefungwa ngozi ya bandia, nayo ilinuka jasho la waoga. Tusekile alikaa. Giza likashuka. Ndege ya kuigiza ikapaa, na kabla haijafika mbali injini ya kulia ikalipuka.

Mikono yake ikaondoka. Sijui nikuelezeje. Haikumngoja. Mguu ulikandamiza pedali, mkono wa kushoto ukatuliza usukani, na wa kulia ukaenda kwenye wenzo wa nguvu za injini. Haukuushika kwa vidole. Ulikunja vidole juu, ukausukuma wenzo kwa kisigino cha kiganja, kama mtu anayesukuma mlango huku kashika unga. Tusekile alikuwa mtazamaji tu ndani ya mwili wake mwenyewe. Ndege ikanyooka. Taa zikawaka.

"Eeh! Eeh! Njooni muone!" Mkami, mtaalamu wa pale, alikuwa anapiga makofi. Alikuwa mama mnene mcheshi, mwenye glavu ambazo hakuzivua hata akinywa chai. "Tangu nianze kazi hii sijaona mikono iliyotulia namna hiyo. Na huo mtindo wa kiganja umeutoa wapi? Shina lako lina mbwembwe zake, dada!"

"Shina langu ni nani?"

"Marehemu mmoja. Apumzike kwa amani." Mkami akafungua jokofu, akatoa kichupa chekundu. "Leo nakupa kifungio. Hiki ndicho cha mwisho, na ndicho kikubwa. Kinafunga yote uliyokwisha kupokea. Ukikitumia, mikono hii ni yako mpaka kaburini. Usipokitumia, mambo yote yatapukutika, na usaili wenyewe ni Jumatatu."

"Kina nini ndani?"

"Aa, mambo ya kitaalamu. Tuseme ni kile kitu kinachomfanya mtu ajijue kwamba yeye ni yeye. Mazoea yote yameshikizwa hapo. Tunakimega mwishoni, la sivyo shina linaharibika kabla ya wakati." Akamkabidhi kile kichupa, akashusha sauti. "Ila nakuomba, kiweke mbali. Kuna mmoja huko Iringa, mtoto wake alikichukua akamlambisha babu. Kilimshika babu wa watu papo hapo, akili zikamrudia, akaanza kuuliza maswali. Ilikuwa balaa!"

Tusekile akamtazama. "Babu gani? Si mlisema mashina ni marehemu?"

Mkami akacheka, kicheko ambacho hakikufika machoni. "Ni namna ya kusema tu, dada yangu. Nenda kapumzike."

Hapo ndipo angeuliza. Ningekuwa mimi ningeuliza, na wewe msomaji unajiona ungeuliza, lakini tusijidanganye. Tusekile alikuwa na mikono bora kuliko yote mjini na usaili ulikuwa Jumatatu. Akatia kichupa kwenye mkoba, akasema ahsante, akaondoka.

*

Jumamosi mama mkwe alikwenda kwaya. Lusajo alikuwa kazini kwake, kwenye karakana ya betri. Tusekile alikaa jikoni akimenya ndizi, kichupa kikiwa ndani ya mkoba uliotundikwa ukutani. Alikuwa amepanga kukitumia jioni ile, na tangu asubuhi alikuwa anakifikiria kwa uroho ambao ulimkera.

Mlango ukafunguka bila kikohozi.

Alikuwa baba mkwe. Miguu pekupeku, suruali imelowa mbele, lile koti la rubani limevaliwa ndani nje. Tusekile alipiga ukelele, akanyakua kanga, akajifunika kichwa na kugeukia ukuta. Akangoja. Mzee atatahayari, alijua, atarudi nyuma haraka akijilaumu, na yeye atakaa na aibu hiyo mwezi mzima.

Mzee hakurudi nyuma. Nyayo zikaburuzika sakafuni. Kisha mkono ukamshika begani.

Mwili wote ukamsisimka. Hakuna mkwe anayemgusa mke wa mwanawe, hata nyumba ikiungua moto! Akageuka kwa hofu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akaona uso wa baba mkwe wake. Ulikuwa uso mzuri, mrefu, wenye nyusi za Lusajo. Na ulikuwa unacheka. Ulikuwa unamchekea kama mtoto mchanga anavyomchekea yeyote aliyemwinamia. Mzee akafungua mdomo wazi, akangoja alishwe ndizi. Udenda ukamshuka kidevuni.

"Baba," Tusekile akasema, neno ambalo hakuwahi kumwambia. "Baba, rudi ndani."

Mzee akaendelea kuachama. Tusekile, kwa kutojua afanye nini, akamgeuza taratibu ili amwongoze mlangoni. Hapo akaiona shingo yake. Nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, nywele zilikuwa zimenyolewa duara. Katikati palikuwa na plasta, na pembeni mwa plasta ute mweupe ulikuwa umechuruzika na kugandia kwenye kola.

Harufu ikampiga. Maziwa yaliyochachia. Damu ya pua.

Na mate yakamjaa mdomoni.

Sikiliza hilo vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisahau. Hakuchukizwa kwanza. Kwanza alitamani. Ulimi wake ulijikunja kwa hamu mbele ya shingo ya mkwe wake, na kisha ndipo kinyaa kikaja, kikaja chote kwa pamoja, akadondoka magoti akatapika kwenye beseni la ndizi.

Alipoinua uso, mzee alikuwa mlangoni, kakwama. Mlango ulikuwa umejirudi na hakujua unafunguliwaje. Aliupapasa. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda, mfupa umetokeza pembeni, na Tusekile akakumbuka hadithi ambayo Lusajo hakuchoka kuisimulia kila wageni walipokuja. Baba alivunjika mkono akitua kwenye uwanja wa nyasi wa Chunya. Vidole havikupata nguvu tena. Akaruka miaka mingi baada ya hapo, akisukuma injini kwa kisigino cha kiganja, na abiria hawakujua.

Tusekile akatazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umejikunja vidole juu.

*

"Niambie si kweli," Tusekile alimwambia Lusajo mara aliporudi. Hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Tuse..."

"Niambie tu kwamba si kweli, nitakuamini. Nataka kukuamini."

Lusajo akaketi kwenye kiti. Alikuwa mwanamume mpole, wa kuomba radhi hata kwa kuku akimkanyaga, na upole huo ndio uliomchefua Tusekile zaidi wakati ule.

"Ningempata wapi rubani mwingine?" alisema kwa sauti ya chini. "Mashina mazuri yote yamechukuliwa na watoto wa wakubwa. Wewe ungepewa mabaki, chachu ya mtu aliyeruka mara mbili akaacha. Na baba yupo hapa, na mikono ile, anakaa juani anaota tu. Mikono haina kazi, Tuse. Nikasema heri ikufae wewe."

"Alikubali?"

"Alikuwa anatetemeka. Nilimwambia ni dawa."

"Lusajo!"

"Walisema atasahau kurusha ndege tu! Hao wa Nyumba ya Chachu waliniapia. Nikaona, harushi tena, atapungukiwa nini? Baadaye akaanza kusahau vifungo vya shati. Nikawafuata. Wakasema tumeshafika katikati, tukiacha, wewe unakosa na yeye harudishiwi." Akafuta uso kwa kiganja. "Wiki iliyopita wamemega cha mwisho. Tangu hapo hajui hata mimi ni nani."

Tusekile akahisi ladha ikipanda tena. "Nguo za baba yako siruhusiwi kufua. Kikombe chake siruhusiwi kugusa. Mama yako alinifokea siku nilipokalia kigoda cha mzee kwa bahati mbaya, nikaomba msamaha nimepiga magoti. Na muda wote huo wewe unanilisha kichwa chake kwa kijiko!"

"Nilitaka upite."

"Usinitajie kupita."

"Na wewe ulidhani unakula nini?" Lusajo akainuka ghafla. Upole ulikuwa umemtoka. "Eh? Marehemu gani anatoa ute mbichi kila wiki, bado una joto? Wewe ni rubani, una akili kuliko mimi. Ulinusa. Ulijua kuna mtu. Hukuuliza kwa sababu ulikuwa hutaki kujibiwa, basi usinitazame kana kwamba ninanuka peke yangu!"

Maneno yale yalimwingia. Alikuwa amemwona Mkami akicheka kicheko kile, na bado alikuwa ametia kichupa kwenye mkoba.

"Kweli," alisema mwishowe. "Tunanuka wote wawili."

Akaenda ukutani, akatungua mkoba. Lusajo alipoona kichupa chekundu mkononi mwake, uso ukamlegea, akadhani ameshinda.

"Kitumie, mke wangu. Tulie, tuombe toba, lakini kitumie. Ukikiacha tutakuwa tumemwua bure."

Na hilo ndilo lililokuwa gumu, usidhani alikuwa na roho ya chuma. Ndani ya kichupa kulikuwa na maisha aliyoyaota tangu akiwa msichana anayekodolea macho ndege za uwanja wa Songwe kupitia waya wa uzio. Ilikuwa mikono isiyosita, kazi ya Kipanga, sare. Mzee alikuwa amekwisha kumegwa, na kukataa kusingefuta plasta shingoni mwake. Kidole gumba chake kilikuwa tayari juu ya kifuniko, na hakujua kama ni yeye aliyekipeleka pale au ni hamu ya ulimi. Mate yalimjaa tena. Akayatema sakafuni, ndani ya nyumba, mbele ya mume wake.

"Babu wa Iringa kilimshika papo hapo," alisema.

"Babu gani?"

Tusekile alikuwa ameshachukua kijiko.

"Tuse! Jumatatu ndiyo usaili!"

"Jumatatu nitakwenda."

"Na mikono gani?"

"Hii hii ya kunyunyizia chai."

"Hawatakuchukua!"

"Najua," alisema, na alijua kweli.

*

Baba mkwe alikuwa chumbani kwake, ameketi kwenye ukingo wa kitanda, jua la jioni likimpiga magotini. Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwaya, bado na vazi la zambarau, akihangaika kumbadilisha suruali. Tusekile aliposimama mlangoni, mama mkwe aliangusha suruali kwa mshtuko.

"Mkwe! Una wazimu? Toka! Huoni nani yumo humu?"

"Shikamoo, mama. Namwona."

"Toka nakuambia! Laana hii unamletea nani?"

"Imeshaingia, mama. Niache dakika moja, halafu utanifukuza hata kwetu ukitaka."

Tusekile alipiga magoti mbele ya mzee, akafungua kichupa. Harufu ikajaa chumbani, kali kuliko zote, na mama mkwe akaziba pua kwa kitambaa cha kwaya. "Mungu wangu, ni nini hicho kinachooza?" Nyuma ya Tusekile, Lusajo alikuwa amefika, akabaki ameshika fremu ya mlango, hathubutu kuingia wala kuondoka.

Mzee alimchekea Tusekile. Akaachama. Tusekile akamimina ute kwenye kijiko, akakiweka chini ya ulimi wa mkwe wake, akamshika kidevu kwa mkono mwingine ili asimeze. Kidevu kilikuwa na joto na vinyweleo. Udenda ukamtiririkia vidoleni. Hakuna kitu alichowahi kukifanya kilichomtia aibu kama kile, na hakukiacha.

Mzee akakunja uso. Ladha ilikuwa imemfika. Akataka kutema, akapigana, macho yakamtoka, mikono ikampiga Tusekile mabegani bila nguvu. Tusekile akamshikilia. Aliona ngozi ya shingo ikicheza kidogo pale ute ulipoupata mshipa. Mama mkwe alikuwa analia na kumwita Mungu. Kisha mzee akatulia, akafumba macho, akapumua kwa muda mrefu kama mtu aliyetua mzigo.

Hakuna lililotokea. Jua likahama kutoka magotini mwake kwenda sakafuni. Tusekile aliendelea kupiga magoti, kijiko kitupu mkononi, naye akaanza kuhisi vidole vyake vikipoa, vikiwa vizito, vikiwa vyake. Akafikiri, basi, nimekosa vyote viwili.

Mzee akafumbua macho.

Alitazama dari kwanza. Kisha miguu yake mitupu. Kisha koti, akaona limevaliwa ndani nje, akaudhika. Mwishowe akamtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, karibu kiasi cha kugusana. Kicheko kile cha mtoto kikamtoka usoni. Macho yakawa makubwa, yakajaa hofu na haya, na mzee akapiga kelele moja fupi, akavuta shuka la kitandani, akajifunika kichwa kizima na kugeukia ukuta.

"Mama Lusajo!" ilisema sauti ya ndani ya shuka, sauti nene iliyokwaruza. "Mama Lusajo, mmefanya nini humu? Nani kamwingiza mkwe chumbani kwangu?"

Mama mkwe akashika mdomo. Alikuwa hajaitwa kwa jina hilo tangu mvua za mwanzo.

"Mwambie mkwe wangu," shuka liliendelea, likitetemeka, "mwambie namheshimu, lakini atoke. Na huyo mwanao asimame hapo hapo alipo. Nina maneno naye. Kichwa kinaniuma, nataka kujua nani alinigusa kichwa."

Lusajo akateleza kwenye fremu ya mlango mpaka akakaa sakafuni.

Tusekile aliinuka bila kugeuza uso kitandani. Akapita juu ya miguu ya mume wake, akatoka nje, akasukutua kinywa kwa maji ya pipa, akatema, akasukutua tena. Ladha ilikuwa pale pale. Akaukunja mkono wa kulia, akajaribu kupandisha vidole na kusukuma hewa kwa kisigino cha kiganja. Mkono haukujua tena. Ulifanya kama mkono wa mtu yeyote anayeiga. Akalia hapo, kwa sababu ya Kipanga, kwa sababu ya kijiko alichokilamba, na kwa sababu Jumatatu angekaa kwenye kiti kile na kusita kama mtu.

Ndani sauti zilipanda, kisha zikashuka. Mlango wa chumba ukalia.

Halafu, kutoka ukumbini, kikasikika kikohozi. Kilikuwa kikubwa, cha makusudi, kikirudiwa mara ya pili kwa aliyechelewa kusikia. Tusekile akajifunika kanga kichwani, akachutama nyuma ya migomba, akampisha.